Mambo Yapasayo Kujulikana Kabla ya Kufuga Sungura

Sungura ni mnyama mdogo, mpole, asiyepiga kelele, na bei yake si kubwa akilinganishwa na mbuzi au ndama. Kwa sababu hiyo watu wengi, wa mashambani na wa mijini, humnunua bila kufikiri sana. Mtoto humwona sokoni akamlilia. Baba hutoa fedha. Sungura hutiwa kikapuni akapelekwa nyumbani. Baada ya majuma machache husikika kwamba amekufa ghafula, wala hapana ajuaye sababu.

Kwa kweli ni mara chache sungura afe ghafula. Mara nyingi huwa alikuwa mgonjwa siku mbili tatu, lakini hakuonyesha. Mbwa akiumia hulia. Mbuzi akiwa na njaa hujaza boma kwa kelele. Sungura hana desturi hiyo. Yeye ni mnyama wa kuwindwa na ndege wakali, mbweha na paka-mwitu, na katika wanyama wa kuwindwa aonyeshaye udhaifu ndiye akamatwaye kwanza. Basi huficha maumivu yake mpaka nguvu zimwishie. Hili ndilo jambo kubwa la kufahamu katika ufugaji wake: mnyama huyu hatamwambia mwenyewe kwamba ana shida. Ni lazima mwenyewe ajue mapema shida hutoka wapi, na amtazame kila siku kwa macho yake. Mafundisho yafuatayo yamekusudiwa hasa kwa mtu ambaye bado hajanunua.

SUNGURA WA HADITHI NA SUNGURA WA BANDANI

Kila mtoto wa Afrika ya Mashariki amesikia hadithi za Sungura mjanja aliyewashinda Fisi na Simba. Yule wa hadithi ni sungura wa mwituni, ambaye wengine humwita kitungule. Huyu wa kufugwa ni wa jamaa nyingine, na asili yake ni Ulaya, katika nchi za Hispania na Ureno. Tofauti yao huonekana siku ya kuzaliwa. Mtoto wa kitungule huzaliwa juu ya ardhi, ana manyoya na macho yake yamefunguka. Mtoto wa sungura wa kufugwa huzaliwa ndani ya kiota, hana manyoya, wala haoni.

Kwa hiyo haifai kumkamata kitungule na kumtia kizimbani kwa matumaini kwamba atafugika au atazaa na sungura wa nyumbani. Hawazaliani, naye kitungule hufa kwa hofu. Tena wanyama wa mwituni katika Kenya hulindwa na sheria, nayo sheria ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kuwakamata na kuwafuga bila kibali.

KUSUDI LIAMULIWE KWANZA

Kabla ya kununua, jamaa yote ya nyumbani yapaswa kukubaliana jambo moja: Je, sungura huyu ni wa kufurahisha watoto, au ni wa nyama na kuuzwa? Jambo hili huonekana dogo, lakini limeleta machozi katika nyumba nyingi. Chukulia kwamba baba ameleta sungura wawili akiwa na nia ya kitoweo, lakini hakusema neno. Watoto wamewapa majina, wamewakatia majani kila asubuhi, wamewabeba mikononi. Siku ya sikukuu baba anatoa kisu. Baba hana kosa kwa kula mfugo wake, wala watoto hawana kosa kwa kumpenda mnyama waliyemlea. Kosa ni kwamba nia haikutajwa siku ya kwanza.

Aliye wa kupendwa tu ajulikane hivyo, na ahesabiwe kuwa ni wajibu wa miaka mingi. Sungura atunzwaye vema huishi miaka 8, hata 10 au zaidi. Mtoto aliyemlilia akiwa na umri wa miaka 7 huenda akawa kijana wa shule ya sekondari sungura angali hai. Hamu ya mtoto hupungua upesi, na kazi huja mikononi mwa mama. Kwa hiyo mtu mzima mmoja na akubali tangu mwanzo kwamba ndiye mwenye kuangalia kila siku, hata kama watoto watasaidia.

Atakaye kuuza naye na afanye hesabu kabla ya kujenga vibanda. Nyama ya sungura ni nyeupe, ina mafuta machache, na ni chakula chema. Lakini si kila mtu huila: Wasabato, kwa mfano, huikataa kwa ajili ya dini yao, na wengine hawakuizoea tu. Katika miaka ya 2010 watu wengi wa Kenya waliingia katika kazi hii kwa haraka waliposikia habari za faida kubwa. Wengi wao walijikuta na vibanda vilivyojaa, chakula cha kununua kila siku, na mnunuzi hayupo. Afadhali kumpata mnunuzi wa sungura 5 kwanza kuliko kuzalisha 50 na kuanza kumtafuta.

NYUMBA YAKE

Adui za sungura ni wengi: mbwa, paka shume, nguchiro, nyoka, panya wanaokula watoto, na siafu. Siafu wakimkuta sungura amefungiwa usiku hana pa kukimbilia, humwua. Kwa hiyo kizimba kisikae chini. Kiinuliwe juu ya miguu kiasi cha mita moja kutoka ardhini, na kila mguu usimamishwe ndani ya kopo lenye oili chafu ya gari. Makopo hayo yafunikwe ili mvua isiyajaze, na yakaguliwe kila juma.

Kwa sungura mmoja wa kadiri, kizimba kisipungue urefu wa sentimita 90, upana wa sentimita 60, na kimo cha sentimita 60, yaani futi 3 kwa futi 2 kwa futi 2. Hicho ndicho kipimo cha chini kabisa. Sungura wa kupendwa, asiyefugwa kwa nyama, apewe nafasi zaidi ya kuruka hatua tatu na kusimama juu ya miguu ya nyuma, tena atolewe kila siku katika ua uliozungushiwa wavu. Akizuiwa daima mahali pembamba mifupa yake hudhoofika.

Sakafu ya wavu wenye matundu madogo, kiasi cha nusu inchi, huacha kinyesi na mkojo vianguke chini. Lakini wavu mtupu huchubua nyayo, kwa kuwa sungura hana nyayo ngumu kama za mbwa. Kwa hiyo kipande cha ubao kiwekwe upande mmoja apumzikie, na kisafishwe kila siku. Mkojo wa sungura una harufu kali inayochoma mapafu yake. Iwapo mtu akiinamia kizimba huona macho yake yanawasha, na ajue kwamba sungura aishiye humo usiku na mchana anaumia zaidi.

Paa lizuie mvua na jua, na upande mmoja uwe wazi wenye wavu ili hewa ipite. Sungura hustahimili baridi kuliko joto. Katika Limuru au Nyeri baridi peke yake haimdhuru sana, maadam ni mkavu na upepo haumpigi. Lakini Mombasa, Garissa na kandokando ya ziwa huko Kisumu, joto ndilo la kuogopwa. Sungura hatoi jasho. Hupunguza joto kwa masikio yake. Joto likizidi digrii 30 huanza kutaabika, na bati lisilo na dari huweza kumwua mchana mmoja. Paa la makuti au nyasi, kivuli cha mti, na maji ya baridi ndizo dawa.

CHAKULA NA MAJI

Picha za vitabu huonyesha sungura akila karoti, na wengi huamini kwamba karoti ndiyo chakula chake. Sivyo. Karoti ina sukari nyingi, na kipande kidogo kwa siku moja moja chatosha. Chakula chake cha kweli ni nyasi, mbichi na kavu. Kila siku na apewe nyasi kavu kadiri awezavyo kula, usiku na mchana, zisikosekane kamwe.

Sababu zake ni mbili. Ya kwanza ni meno. Meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote. Yale ya mbele hukua kiasi cha milimita 2 kila juma. Kutafuna nyasi ngumu ndiko kunakoyasaga. Sungura alishwaye vyakula laini tu hurefuka meno mpaka yakapinda, akashindwa kula, akafa njaa mbele ya chakula kingi.

Sababu ya pili ni tumbo. Tumbo la sungura halina budi kuwa na kazi daima. Nyuzi za nyasi ndizo zinazosukuma chakula ndani. Tena hawezi kutapika. Akila kibaya hakina njia ya kurudi. Basi ugali, mkate, mahindi mengi na mabaki ya jikoni humjaza hewa na kumwua. Atakayempa chakula cha vidonge cha madukani ampe kwa kipimo: sungura wa kilo 2 atosheke na gramu 50 hivi kwa siku, pamoja na nyasi tele.

Mashambani majani mazuri ni mengi: majani ya viazi vitamu, majani ya karoti, na kishona nguo kabla hakijatoa mbegu. Sukuma wiki na kabichi ziwe kidogo. Majani yasiokotwe mahali palipopigwa dawa ya wadudu wala mahali mbwa wanapojisaidia. Yasirundikwe mpaka yakapata moto na kuchacha, bali yatandazwe kivulini. Majani yasiyofaa kabisa ni ya viazi vya Kizungu, ya nyanya, ya muhogo mbichi na ya mparachichi. Parachichi lenyewe pia ni sumu kwake. Na chakula kipya chochote kianzishwe polepole kwa muda wa juma zima, kwa maana mabadiliko ya ghafula ni hatari. Anayenunua sungura amwulize muuzaji alikuwa akila nini, na aendelee na chakula hicho kwanza.

Wako wasemao kwamba sungura hanywi maji kwa kuwa hula majani. Maneno hayo yameua wengi. Sungura wa kilo 2 huhitaji kiasi cha robo lita kwa siku, na mama anyonyeshaye huweza kumaliza lita nzima au zaidi. Chombo kiwe kizito asikipindue, na kioshwe kila siku.

Jambo moja lisimtishe mfugaji mpya. Sungura hutoa choo cha namna mbili: vidonge vikavu, na vingine laini vilivyoshikamana kama kichala cha zabibu. Vile laini huvila papo hapo vinapotoka. Huo si ugonjwa wala uchafu. Ni kama ng'ombe acheuavyo. Chakula hupita mara ya pili ili mwili upate nguvu iliyobaki.

KUZAA

Sungura wengi huuzwa wangali wachanga, na hata wauzaji hukosea kati ya dume na jike. Mtu huambiwa, "Hawa ni majike wawili," na baada ya miezi michache hukuta kiota kimejaa watoto. Kwa hiyo wachunguzwe na mtu ajuaye, tena wachunguzwe mara ya pili wafikapo miezi mitatu, na hapo madume yatengwe na majike. Madume mawili makubwa pia yasikae pamoja, maana hupigana na kuumizana vibaya.

Mimba ya sungura huchukua siku 31 hivi, naye huzaa mara nyingi watoto 6 hata 8. Jike aliye pamoja na dume huweza kushika mimba nyingine siku ile ile aliyozaa. Ahesabuye ataona kwamba katika nusu mwaka tu sungura wawili waweza kuwa zaidi ya 20. Asiyekuwa na nafasi ya 20 asiwaweke dume na jike pamoja, au amwombe daktari wa mifugo amhasi dume.

Atakaye kuzalisha angoje jike afike miezi 5 au 6, kwa kadiri ya aina yake. Jike ndiye apelekwaye kwenye kizimba cha dume, wala si dume kwa jike, kwa sababu jike hulinda mahali pake na humshambulia mgeni. Siku ya 27 au 28 apewe sanduku la kuzalia lenye nyasi kavu. Atajinyonyoa manyoya ya kifuani alitandike mwenyewe.

Hapa wengi huingiwa na hofu, kwa kuwa humwona mama hakai na watoto. Mama sungura hunyonyesha mara moja tu kwa siku, mara nyingi usiku au alfajiri, kwa dakika chache, kisha huondoka. Hufanya hivyo ili asiwaonyeshe adui mahali walipo. Watoto wenye matumbo ya mviringo na ngozi isiyokunjamana wameshiba. Macho yao hufunguka siku ya 10 hivi, na katika juma la tatu hutoka kiotani.

Siku ya kuzaliwa, siku ya kupandisha, jina la dume na idadi ya watoto viandikwe. Wahenga walisema: Mali bila daftari huisha bila habari.

KUMSHIKA NA KUMTAZAMA

Sungura asiinuliwe kwa masikio. Desturi hiyo ni ya kikatili na ina hatari. Mifupa yake ni myepesi, na miguu yake ya nyuma ina nguvu nyingi. Akipiga teke hali ananing'inia huweza kuvunja uti wake mwenyewe wa mgongo. Mkono mmoja uwe chini ya kifua na wa pili ubebe matako, kisha asogezwe karibu na mwili wa mchukuzi. Watoto wadogo na wakae chini wampakate, wasimbebe wakisimama.

Kumtazama huchukua dakika tano asubuhi na dakika tano jioni. Mambo ya kutazamwa ni haya:

1. Je, amekula? Sungura aliyekataa chakula kwa nusu siku ni mgonjwa, na akipitisha siku nzima maisha yake yamo hatarini. Asingojewe mpaka kesho.

2. Je, vidonge vya choo ni vingi, vikavu na vya mviringo? Vikipungua, tumbo linasimama. Akiharisha, hasa akiwa mtoto wa mwezi mmoja hata minne, huenda ameingiwa na vijidudu vya tumboni vinavyoenea kwa kinyesi. Kinga yake ni sakafu kavu na chakula kisichowekwa chini.

3. Je, pua ni kavu? Sungura mwenye mafua hujifuta kwa miguu ya mbele, na manyoya ya ndani ya miguu hiyo hulowa na kushikamana.

4. Je, masikio ni safi? Magamba ya rangi ya kahawia ndani yake ni kazi ya utitiri. Yasibanduliwe kwa nguvu. Daktari ana dawa.

5. Je, sehemu za nyuma ni safi? Pakiwa na uchafu nzi hutaga mayai, na funza huweza kumla akiwa hai kwa siku moja au mbili.

6. Je, amekaa amejikunja pembeni, akisaga meno kwa sauti? Hayo ni maumivu makali.

Mgonjwa atengwe, na daktari wa mifugo aitwe. Mwenyewe asimnyweshe dawa za binadamu. Dawa za jamii ya penisilini, na amoksilini ikiwemo, zikipita kinywani huua viini vyema vya tumbo lake, na sungura hufa kwa dawa badala ya ugonjwa. Sungura mpya naye akae peke yake majuma matatu kabla ya kuchanganywa na wenziwe. Uko ugonjwa mkali wa kutoka damu, uliojulikana kwanza Uchina mwaka 1984 na ambao ulithibitishwa katika Nigeria mwaka 2020, unaoweza kumaliza banda zima kwa siku chache.

ASIACHILIWE PORINI

Aliyechoka kufuga ampe mtu mwingine, amwuze au amchinje, lakini asimfungulie. Sungura mmoja aliyezoea kizimba huliwa upesi. Wakiwa wengi, hasara huwa ya nchi nzima. Mwaka 1859 mtu mmoja wa Victoria, katika Australia, aliachilia sungura wapatao 24 shambani mwake kwa ajili ya kuwinda. Walizaana mpaka wakala malisho ya kondoo katika bara lile. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya Australia ya Magharibi ilijenga seng'enge za jumla ya kilomita zaidi ya 3,000 kuwazuia, wala hawakuzuilika.

MASWALI YA KUJIBIWA NYUMBANI

Kabla fedha hazijatoka mfukoni, jamaa na wakae pamoja wajibu haya:

Sungura huyu ni wa kupendwa au wa nyama, na je, watoto wameambiwa?

Ni nani, kwa jina, atakayemtazama kila asubuhi na kila jioni?

Nyasi zitatoka wapi mwezi wa Februari, wakati wa ukavu?

Kizimba kiko tayari, au kitajengwa baadaye?

Daktari wa mifugo aliye karibu yuko wapi, naye huchukua muda gani kufika?

Wakizaa, watoto watakwenda wapi?

Nyumba inayoweza kujibu maswali haya sita na inunue kwa moyo mkunjufu, kwa maana sungura aliyetunzwa hujua sauti ya mwenyewe, humkimbilia, na huruka kwa furaha aonapo majani. Nyumba isiyoweza kujibu hata moja na ingoje kwanza. Kizimba kijengwe, nyasi zikaushwe na kuwekwa ghalani, na sungura aje mwisho.